Pembe nyeusi kwenye picha: lipia nini, acha nini

Mteja akikurudishia picha za ndoa kwa sababu katikati pana mwanga na pembeni kuna giza, hutakosa mtu mjini wa kukushauri ununue lenzi mpya. Usikimbilie kufungua pochi. Giza la pembeni mara nyingi huondoka bila kutoa hata franka moja.

Kwanza ujue linatoka wapi. Vua filta na kofia ya jua, elekeza kamera kwenye ukuta mweupe unaopata mwanga sawa kila upande, halafu piga lenzi ikiwa wazi kabisa, piga tena kwa f/5.6 na f/8. Giza likiyeyuka kadiri unavyofunga, ni tabia ya lenzi. Kama ukutani hakuna giza lakini kwenye kazi lipo, basi mkosaji ni filta mbili ulizozipandisha moja juu ya nyingine, au kofia isiyo ya lenzi hiyo. Kivuli cha nusu duara chini ya picha husababishwa na flashi ya kamera yenyewe kugonga kofia ya lenzi. Hayo yote dawa yake ni kuvua tu.

Kufunga lenzi ni bure, ila unalipa kwa mwanga. Nje, kwenye jua la kiangazi, huoni hasara. Ndani ya ukumbi usiku, kutoka f/1.8 mpaka f/4 unabaki na chini ya robo ya mwanga uliokuwa nao. Hapo ni afadhali upige lenzi ikiwa wazi, usahihishe baadaye.

Kabla ya kompyuta, pitia menyu ya kamera. Nyingi zina sehemu ya kusawazisha mwanga wa pembeni. Kwa kawaida inafanya kazi kwenye JPEG tu, tena kwa lenzi ambazo kamera inazitambua, hasa za kampuni iliyoitengeneza. Ukipiga JPEG kwa lenzi iliyokuja na kamera, iwashe na kazi imekwisha.

Sasa programu, mahali makuta yanapovuja. Za kulipia kila mwezi ni kama dola 10 hadi 20. Mwezi mmoja si kitu, lakini mwaka ni dola 120 hadi 240, na ukikosa kulipa unafungiwa vifaa vya kuhariria. Ongeza gharama ambazo tangazo halizitaji: kadi ya benki inayokubalika nje, makato ya benki, mega za kupakua masasisho. Nakala zilizovunjwa ufunguo zinazozunguka kwenye flashi za USB usiziguse. Virusi vikila picha za ndoa ya mtu, hakuna wa kukurudishia siku ile.

darktable na RawTherapee ni za bure kabisa, na leseni zao zinaruhusu kunakili. Mwenzako akikupa kwenye flashi hajavunja sheria, nawe umeokoa mega. Zinatumia hifadhi ya vipimo vya lenzi iitwayo Lensfun: chagua lenzi yako, giza linaondolewa. Dosari ni mbili. Lenzi nyingi zimo humo bila kipimo cha mwanga wa pembeni, basi jaribu yako kwanza. Pia kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 itasota na darktable. 8 ndiyo ya kufanyia kazi. Kwa mtu mwenye makuta machache na muda kidogo wa kujifunza, mimi nachagua hizi bila kusita.

Ujue kwamba kuangaza pembe ni kukuza pia chembechembe zake. Ulipiga ISO 1600 na pembe zimepungukiwa nusu ya mwanga? Baada ya kusahihisha zitaonekana kama ISO 3200. Usilazimishe pembe zilingane na katikati. Ziache chini kidogo.

Kazi moja haitaki kubahatisha: kunakili picha za zamani. Lubumbashi ina familia nyingi zenye picha za enzi ya kampuni ya migodi ya Union Minière, na Sammy Baloji, mpiga picha mzaliwa wa jiji hili, alionyesha thamani ya picha hizo mwaka 2006 kwa mfululizo wa “Mémoire”, alipoweka wafanyakazi wa picha za kale mbele ya mitambo iliyochakaa. Ukinakili picha ya babu, piga kwa RAW, kisha weka karatasi nyeupe isiyong'aa mahali palepale, taa zilezile, tundu lilelile, upige tena. RawTherapee itatumia picha ya karatasi kusawazisha ya babu, na itarekebisha hata taa iliyoegemea upande mmoja. Gharama ni karatasi. Mbinu hii hii inafaa kwa picha za hati, ambako mandhari meupe yakigeuka kijivu pembeni unarudia kazi bure.

Na lenzi? Inayofunguka sana, ambayo huwa ghali, ndiyo hutia giza zaidi ikifunguliwa, kwa hiyo bei kubwa si kinga. Ukiagiza nje, bei ya dukani ni mwanzo tu: kuna usafirishaji, ushuru, na TVA ya asilimia 16. Kwa kamera ya sensa ndogo, lenzi ya okazioni iliyotengenezwa kwa sensa kubwa ni chaguo zuri, maana unatumia sehemu yake ya katikati. Imulike kwa tochi kabla ya kulipa. Ukiona ukungu wenye nyuzi kama za buibui, iache.

Mwisho, uliza labo ukubwa wa karatasi. Kwa 10×15 picha inaingia yote pamoja na pembe zake. Kwa 20×25 sehemu moja kati ya sita ya urefu inakatwa, na giza jingi linaondoka nayo. Toa nakala moja ndogo uiangalie nje, mchana, kabla ya kulipia albamu nzima.