SPRINGI NGUMU NA UZITO WA GARI

Wengi hudhani kwamba gari likitiwa springi ngumu limekwisha pata ruhusa ya kubeba mizigo mizito zaidi. Sivyo. Nchini Australia, Toyota LandCruiser 200 iliwekewa na watengenezaji kikomo cha kilo 3350, gari, watu na mizigo pamoja. Gari tupu lina yapata kilo 2700. Wakiisha kuingia watu watano, maji na hema hupata nafasi ndogo. Atakaye zaidi hutia springi na shokamzoba zilizopimwa na kukubaliwa. Ndipo mhandisi mwenye idhini hulikagua gari, hata breki na magurudumu, na kibati chenye kikomo kipya hubandikwa. Pasipo kibati, gari halichuchumai tena nyuma, lakini sheria ingali ikihesabu kilo 3350 zile zile.