Mwenye Kushindwa Aambiwe Sababu

Wazazi wetu, mwanafunzi wa Faza, kisiwani Pate, hana budi kupanda chombo ndipo afike kwenye mashindano ya mijadala. Akishindwa, hurejea na alama tu, wala hajui alikosea wapi.

Katika mashindano ya dunia ya skuli, yaliyoanza mwaka 1988, hotuba kuu ni dakika 8, na alama zake ni 100: 40 za hoja, 40 za namna ya kusema, na 20 za mpango. Lakini aliyepewa 28 za hoja amejifunza nini, asipoambiwa kuwa dai lake la pili halikuwa na ushahidi?

Dawa imo katika simu ya mzazi. Mjadala mzima na urikodiwe, pande zote mbili, kwani hotuba moja haionyeshi kama mtoto alimsikiliza mpinzani wake. Na Sura An-Nahl, aya ya 125, yatuamrisha kujadiliana kwa njia iliyo bora. Kisha upelekwe kwa mwamuzi mzoefu aliyeko Mombasa, naye ajibu kwa sauti yake. Asiombwe sifa, za nyumbani zatosha. Aulizwe: ni hoja gani iliyoachwa bila ya kujibiwa? Binti naye asinyimwe simu hiyo.

Akishajibiwa, mtoto aiseme hotuba ile ile upya, ipelekwe mara ya pili.