Kengele ya Shule na Meli Iliyobadili Jina

Hadithi, hadithi!

Najua mngeniitikia: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Leo, wanangu, uongo tuuache upumzike. Kisa nilichowaletea ni cha kweli, na utamu wake umo humohumo ndani ya ukweli.

Kinaanzia chini ya mwembe. Nilisoma katika kijiji kimoja kati ya Korogwe na Handeni. Kengele ya shule yetu ilikuwa kipande cha chuma kilichotundikwa kwa waya kwenye tawi la mwembe, na kiranja wa zamu alikigonga kwa nondo. Mlio wake ulifika hadi mashambani, wazazi wakajua saa bila kutazama jua. Miaka mitatu niliutii mlio ule bila kuuliza chochote. Kisha siku moja babu yangu, aliyekata mkonge enzi za manamba, alikuja shuleni kunichukua. Alisimama chini ya mwembe, akakipapasa kile chuma kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

“Mjukuu wangu,” akasema, “hii ni reli. Kabla ya kukuita wewe darasani, ilibeba mkonge.”

Tangu siku ile swali moja halijaniacha: chombo cha kazi kikimaliza kazi yake, huenda wapi?

Nilipokua nikagundua kwamba duniani kuna watu wanaoliuliza swali hilo maisha yao yote. Kule Uingereza, kabla reli hazijaenea, watu walichimba mifereji mirefu ya maji kati ya mji na mji, wakapitisha humo mashua za mizigo. Nyingi zilikuwa nyembamba mno: upana wa mita 2 na kidogo, urefu wa mita 21 hivi, ili zipenye katika milango ya maji. Farasi alitembea ukingoni akiivuta mashua kwa kamba, na mashua ilibeba makaa ya mawe, chokaa au nafaka. Mwishoni mwake palikuwa na kijumba kidogo, na humo familia nzima ilipika, ililala na kulea watoto. Mwaka 1877 ilitungwa sheria kwamba kila mashua inayokaliwa na watu iandikishwe na kupewa namba.

Reli zikaja, kisha malori yakaja, na mizigo ikahama. Mashua nyingine zilizamishwa, nyingine zilichomwa moto. Nyingine zilikatwa vipande viwili, kila kipande kikawa mashua yake. Na nyingine ziligeuzwa nyumba: pale palipojaa makaa ya mawe pakawekwa kitanda, jiko na madirisha. Leo wapo wanaozitafuta moja moja. Wanajua kwamba rangi imebadilika na jina limefutwa, kwa hiyo hawaulizi jina peke yake. Hufungua madaftari ya zamani watafute namba, hukwangua rangi tabaka kwa tabaka, huhesabu ribiti zilizounganisha mabati ya ubavuni. Jina ni nguo, hubadilishwa. Ribiti ni kama kovu la utotoni, haliondoki.

Mtaniuliza, sisi wa Korogwe na Handeni tuna mifereji gani? Tunao mto Pangani, ambao wengi wenu mmeuvuka pale darajani Korogwe. Lakini mto huu haukubali meli ipande kutoka baharini. Upande wa Hale maji yanaporomoka kwenye miamba, ndiyo maana pakajengwa mitambo ya umeme. Kwa hiyo vyombo vikubwa vya kazi vya nchi yetu tukavitafute kwenye maziwa. Twendeni Kigoma, halafu nitawarudisha nyumbani.

Mwaka 1913, katika mji wa Papenburg huko Ujerumani, mji uliojengwa juu ya mifereji, iliundwa meli yenye urefu wa mita 71 hivi. Iliitwa Graf von Götzen. Ilipokamilika ilifunguliwa tena yote, ikapangwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye treni ya Reli ya Kati hadi Kigoma. Mafundi watatu kutoka kiwanda kilichoiunda walikuja nayo, na pamoja na wafanyakazi wetu wengi wakaiunga upya, bati kwa bati. Tarehe 5 Februari 1915 ikashushwa majini katika Ziwa Tanganyika. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshaanza, basi meli iliyokusudiwa kubeba abiria na mizigo ikafungwa mzinga.

Hapa, wanangu, kisa cha Kigoma kinagusana na chetu. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902. Reli ya Kati ilitoka Dar es Salaam. Kati ya reli hizo mbili hapakuwa na kiungo. Kipande cha kuziunganisha, cha Mnyusi hadi Ruvu, kilikuja kufunguliwa mwaka 1963. Vita vilipowabana, Wajerumani waliweka reli nyembamba kutoka Mombo hadi Handeni, reli ya matoroli yaliyosukumwa na watu. Mizigo iliyoshuka kwenye treni ya Usambara ilisukumwa mpaka Handeni, kutoka hapo ikabebwa kuelekea kusini. Babu wa babu zetu walitoka jasho kwenye njia ile. Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe, na kabla mwezi haujaisha yakaingia Handeni, yakiifuata njia hiyohiyo ya matoroli.

Baada ya wiki chache tu vita vilikaribia Kigoma. Wajerumani hawakutaka meli yao itekwe, wakaamuru izamishwe. Lakini mafundi walioiunga kwa mikono yao waliipenda. Walizipaka mashine zote grisi nzito, wakaijaza mchanga, na tarehe 26 Julai 1916 wakaiteremsha chini taratibu. Waliizamisha kama mkulima anavyofukia mbegu, kwa kutumaini kwamba siku moja itatoka.

Na ikatoka. Wabelgiji waliiinua kwanza, ikazama tena. Machi 1924 Waingereza wakaiibua. Walipofuta tope na grisi wakakuta mashine bado zinafaa. Tarehe 16 Mei 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina jipya: Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe kwa upande wa kusini. Kuanzia siku hiyo, mtu aliyeitafuta Graf von Götzen kwa jina hakuipata, kumbe ilikuwa inapita mbele ya macho yake, imebeba mahindi, dagaa, akina mama na watoto wao, kutoka Kigoma hadi Mpulungu huko Zambia. Miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa zikawekwa za dizeli. Mwaka 1997 iliwarudisha kwao wakimbizi wa Kongo. Mwaka 2015 ilikwenda Kagunga, kijiji cha mpakani kisichofikika kwa barabara, ikawaleta Kigoma wakimbizi wa Burundi. Meli iliyofungwa mzinga ikawa meli ya kuokoa roho za watu. Hebu litieni moyoni hilo.

Ndani ya ziwa hilohilo kulikuwa na meli ndogo, Kingani, iliyopewa jina la kale la mto Ruvu wa upande wa Bagamoyo. Tarehe 26 Desemba 1915 Waingereza waliiteka, wakaitengeneza na kuiita Fifi. Februari iliyofuata, Fifi ikaenda kupigana na Hedwig von Wissmann, meli iliyokuwa mwenzake katika kundi moja. Mbao na chuma havina upande. Upande ni wa yule aliyeshika usukani.

Na Ziwa Nyasa nalo lina mkongwe wake, Chauncy Maples. Mwenye jina hilo alikuwa askofu aliyezama ziwani humo mwaka 1895, wa misheni ileile iliyojenga kituo cha Magila pale Muheza, jirani zetu. Meli iliyopewa jina lake iliundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande. Bwela lake, lile tangi kubwa la kuchemshia maji ya mvuke, lilikuwa na uzito wa tani 11, na Wangoni wapatao 450 walilivuta kwa kamba juu ya magurudumu kulipita eneo lisilopitika kwa mto. Iliingia majini mwaka 1901. Imekuwa kanisa, imekuwa hospitali, imekuwa shule. Mwaka 1967 nayo ikatolewa mashine za mvuke, ikawekwa dizeli na kubeba abiria wa Malawi.

Sasa turudi nyumbani. Mnaona sasa wanaotafuta vyombo vya zamani hufanyaje? Swali lao la kwanza si “kiko wapi?” Huuliza: “siku hizi kinafanya kazi gani, na kinaitwaje?” Anayeitafuta mashua ya makaa ya mawe atapita mbele ya nyumba inayoelea asiitambue. Na anayeitafuta reli ya mkonge atasimama chini ya mwembe, asikie kengele, aingie darasani.

Babu yangu alinieleza reli ile ilikotoka. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Tanga 62 tu ikiwa hai. Kutokana na hiyo 62 mashamba yalienea mpaka huku kwetu: Hale, Magunga, Ngombezi. Jani la mkonge likishakatwa halingoji. Likikauka, nyuzi hazitoki vizuri. Ndiyo maana ndani ya mashamba zilitandazwa reli nyembamba, na kijitreni kikavuta matoroli yaliyojaa mizigo ya majani hadi korona, kiwandani panapokwanguliwa nyama ya jani zibaki nyuzi nyeupe. Wakataji kama babu walitoka mbali, wakapewa namba, wakaitwa manamba. Baadaye kamba za plastiki ziliiangusha bei ya mkonge, matrekta na malori yakachukua kazi ya vijitreni, na reli zikang'olewa. Chuma kizuri hakitupwi kijijini. Kipande kimoja kikawa kengele yetu.

Juzi nilirudi pale. Mwembe upo, na kengele ipo. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikakisugua kile chuma kwa msasa, kwa kuwa babu aliniambia viwanda vya reli huandika ubavuni jina lao na mwaka. Kutu ilikuwa imekula karibu maandishi yote. Nilisoma tarakimu mbili tu: 1 na 9. Watoto walinizunguka, na mmoja akauliza, “Babu, hizo mbili zinatosha?”

Nikamwambia zinatosha kuanzia. Zimesema chuma hiki ni cha miaka ya elfu moja mia tisa. Yaliyobaki hayamo kwenye chuma. Yamo kwa wazee waliosukuma, waliokata, waliopakia, na wazee hawasubiri kama chuma kinavyosubiri. Babu yangu ameshatangulia. Nilimuuliza habari za reli, lakini namba yake ya manamba sikumuuliza, na sasa hakuna wa kunijibu.

Basi leo jioni mkifika nyumbani, tazameni nguzo ya banda, kizuizi cha lango, fuawe ya fundi chuma. Kisha mwendeeni bibi au babu, mpeni shikamoo, mkae chini, mumwulize: hiki kilikuwa nini, na wewe ulikuwa nani kilipokuwa kikifanya kazi? Andikeni jina lake kwanza, halafu ndipo muandike la chuma.