Bosi anamwona mteja, mimi simwoni

Msomaji wetu wa Mwanza anauza bima. Ameniandikia kwamba kwa miezi kadhaa alikuwa akimhudumia mteja mmoja pamoja na mwenzake wa ofisini, ambaye ndiye aliyeandikwa kuwa mwenye mteja. Jumatatu alipofungua mfumo, mteja hayupo. Bosi wake akifungua, yupo. Mtu wa TEHAMA alimwongezea ruhusa, akamwongezea tena, na bado mteja hakuonekana. Anauliza: amefutwa?

Hajafutwa. Wanatumia Salesforce, mfumo wa kutunza habari za wateja ulioanzishwa San Francisco mwaka 1999. Mambo ya nywila tuyaruke. Kumwona mteja kunahitaji milango miwili. Wa kwanza unauliza kama mtu huyu anaruhusiwa kushughulika na wateja hata kidogo. Wa pili unauliza: mteja yupi? Mtu wa TEHAMA alikuwa akiupanua mlango wa kwanza, ambao ulikuwa wazi tangu zamani.

Mlango wa pili ndio ulionikosesha usingizi kwa raha. Kampuni ikiamua wateja wawe faragha, mfumo hufungua jedwali la pembeni, mbali na lile la wateja wenyewe. Kila mstari humo una mambo manne: mteja, anayemwona, kiwango (kusoma tu au kurekebisha), na sababu. Mfumo unaandika kwa nini unaruhusiwa!

Jedwali hilo nimesikia likiitwa la ugawaji, na neno hilo silikubali. Nikikugawia nazi, mimi hubaki na kipande. Nikikuonyesha mteja wangu, sipungukiwi na chochote. Kiswahili tayari kina kushirikisha, basi na liwe jedwali la ushirikishaji. Neno ni refu, lakini linasema kweli.

Lichukulie kama orodha ya mlangoni kwenye harusi. Jina lako laweza kuingia kwa njia nyingi: umechangia, u jirani wa bibi harusi, ama mwenye shughuli amekuandika kwa mkono wake. Kila njia ina mstari wake. Ukifutwa kwenye mstari wa majirani, ule wa wachangiaji bado unakuingiza, kwa sababu orodha hii hualika tu. Haina mstari unaosema "huyu asiingie". (Kanuni za kuzuia zimekuja baadaye, hazituhusu hapa.) Mstari mwingine umeandikwa "Kwaya", basi. Nani yumo kwenye kwaya? Hilo liko kwenye daftari la kwaya. Mwimbaji mpya akijiunga leo, hakuna anayegusa orodha ya harusi. Mlinzi anasoma karatasi mbili kwa pamoja. Ndivyo mfumo unavyofanya: unaunganisha jedwali la ushirikishaji na madaftari ya vikundi kila unapotafuta mteja, ndiyo maana mfanyakazi akihamia kitengo kingine si lazima kila mteja aandikwe upya. Wazee wa ukoo nao hawahitaji mistari yao: palipo na mtoto wao, wamo. Hao ndio mabosi. Ngazi ya vyeo huwapa kile walicho nacho walio chini yao.

Sasa turudi Mwanza. Nilimuuliza msomaji kama mteja yule amebadilishiwa mwenyewe. Akajibu ndiyo, mwenzake alihamishwa Ijumaa na wateja wake wakapewa mtu mwingine wa ofisi ileile. Hapo ndipo penyewe. Msomaji wetu alikuwa ameshirikishwa kwa mkono, na katika Salesforce mteja akibadilishiwa mwenyewe, mistari iliyoandikwa kwa mkono hufutika. Mwenye shughuli mpya harithi mialiko aliyoiandika wa zamani. Bosi hakuguswa, kwa kuwa mwenye mteja mpya naye yuko chini yake.

Hakukuwa na haja ya kubahatisha. Kwenye ukurasa wa mteja, msimamizi wa mfumo anaweza kufungua orodha ya ushirikishaji na kusoma nani anamwona mteja na kwa sababu gani. Aanzie hapo.

Wasimamizi, nawasihi jambo moja. Msitibu tatizo hili kwa kumpa mtu ruhusa ya kuona wateja wote. Ruhusa hiyo hulipita jedwali zima bila kulisoma, na muuza bima mmoja anajikuta ameshika habari za watu asiowahudumia, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi Tanzania tangu Mei 2023.

Nawe msomaji wangu, mwombe mwenye mteja mpya akushirikishe upya, kisha umwambie bosi wako kwamba mnaomhudumia mteja kwa pamoja muandikiwe kanuni ya kikundi, inayosema wateja wa kitengo fulani waonwe na kikundi chenu, badala ya mwaliko wa mkono. Mteja atakapobadilishiwa mwenyewe tena, kanuni itabaki, mradi huyo mpya naye yumo kwenye kitengo ambacho kanuni inakitaja.