Lami Ndani ya Kamera

Fungua mgongo wa kamera yoyote ya Kijapani ya miaka ya 1970, upitishe kidole kwenye mfereji wa mlango. Kikitoka na kitu cheusi kinachonata kama lami juani, usishtuke. Hiyo ilikuwa sponji. Iliwekwa pale kuzuia mwanga usiufikie mkanda, na sponji ya aina hiyo hunyonya unyevu wa hewa mpaka ikaoza na kuwa uji. Kwetu pwani, ambako hata chumvi mezani hushikana, haikawii.

Spea hiyo huhitaji kuiagiza popote. Kwangua lami kwa kijiti cha meno, umalizie na pamba yenye spiriti, huku kamera umeiinamisha ili uchafu usiangukie pazia la shata. Kwenye mfereji laza uzi mweusi wa kufumia sweta. Upande wa bawaba bandika kitambaa cheusi kinene chenye gundi. Gundi yake hushika kabla hujakiweka sawa, kwa hiyo mafundi huilamba kwanza. Ndiyo, kwa ulimi. Mate huifanya iteleze kidogo, ukapata nafasi ya kunyoosha. Sponji nyingine iko juu ya kioo cha ndani, inapokea kishindo kioo kinaporuka. Hapo uzi haufai. Tafuta sponji laini ya unene uleule. Kioo chenyewe usikiguse. Rangi yake ya fedha iko usoni, si mgongoni kama cha kujitazamia, na hutoka kwa kufutwa tu.

Betri ndiyo inayowakatisha wengi tamaa. Olympus OM-1 na ndugu zake wengi walitumia PX625, betri ya zebaki ya volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena kwa sababu ya sumu yake. Sifa yake ilikuwa kwamba volti hazikushuka mpaka siku ya kufa, na kipima mwanga kikazitegemea kama mizani inavyotegemea jiwe lake. Leo utauziwa ya alikali yenye umbo lilelile. Inaingia vizuri, inaanza na volti 1.5, kisha inashuka polepole, na kipimo kinakudanganya kila wiki kwa namna yake. Mimi hutumia betri namba 675, zile za vifaa vya kusaidia kusikia. Zina volti 1.4 na hazichezi. Kipenyo chake ni milimita 11.6 na shimo ni la 16, basi naizungushia oringi ya mpira. Ubaya wake ni kwamba ukishabandua kile kikaratasi hewa inaingia na betri inaanza kuliwa, upige picha usipige.

Kuna kamera ambayo utautambua ugonjwa wake kwa sikio. Chukua Yashica Electro 35, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966, uvute mkono wa kusogezea mkanda. Unatakiwa usikie "klak" tumboni mwake. Ikikaa kimya, kipande cha mpira kidogo kama punje ya dengu kimeoza ndani, na kasi za shata zimevurugika. Nimewahi kukikata kwenye tyubu ya baiskeli, nikapandanisha tabaka hadi unene ukakubali. Kufikia pale kulinichukua alasiri nzima. Kukata, dakika mbili.

Sasa mambo magumu. Canon AE-1 ya mwaka 1976 ilisifiwa kwa kuwa na kompyuta ndogo ndani, na kompyuta hiyo ndiyo kaburi lake. Saketi ikiungua hakuna wa kuifinyanga upya. Ndiyo maana anayeniuliza anunue ipi namwelekeza kwenye Pentax K1000 au Nikon FM2, ambazo shata yake huendeshwa na springi na betri ni ya kipima mwanga tu. Springi na gia fundi mvumilivu anaweza kuzishughulikia.

AE-1 ina udhaifu mwingine, mdogo lakini wa kuudhi: kindoano cha plastiki cha mlango wa betri hukatika. Siku hizi mlango huo unachapishwa kwa printa ya 3D, na unafaa, ila uliza plastiki gani. Ile ya kawaida ya PLA hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, joto ambalo dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hulifikia bila taabu. Gia za kuchapishwa mimi sizitaki kabisa. Meno yake hayadumu.

Kwa spea zisizotengenezeka, kinachobaki ni kamera ya kuchinja, yaani mbovu ya kutolewa vipuri. Ukiinunua, usimuulize muuzaji kama inafanya kazi, muulize imekufa na nini. Mbili zenye ugonjwa mmoja hazisaidiani. Yenye saketi mbovu na iliyodondoka ikapasuka kioo hutoa moja nzima. Kabati langu lina AE-1 nne, na wageni huniita mkusanyaji. Inayopiga picha ni moja.