Jengo Jipya Lina Mfadhili, Bomba Bovu Halina

Mzazi anayemsindikiza mwanawe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, huonyeshwa majengo ya kujivunia. Hosteli zilizozinduliwa Aprili 2017, zilizogharimu takriban shilingi bilioni 10, zina nafasi za wanafunzi 3,840. Novemba 2018 ikazinduliwa maktaba iliyojengwa kwa msaada wa China, inayoweza kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kisha ukaja mradi wa HEET, mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, wa kujenga na kukarabati kumbi, maabara na mabweni ya vyuo vikuu vya umma.

Tunashukuru. Lakini utepe ukishakatwa, nani hulipia koki?

Fedha za kujenga huwa na fungu lake, na mfadhili wake, na jiwe lake la msingi. Matengenezo hutegemea matumizi mengineyo na ada, yakigombania fungu moja na umeme, maji na karatasi za mitihani. Bili ya umeme haisubiri; paa husubiri. Na maji yakishapenya zege yakafika kwenye nondo, hasa katika hewa ya chumvi ya pwani yetu, kazi ya fundi mmoja hugeuka kuwa zabuni.

Anayeumia kwanza ni mtoto wa maskini. Mwenye uwezo humpangia mwanawe chumba mtaani. Asiyekuwa nacho, binti yake hubaki bwenini, akipandisha ndoo ghorofani alfajiri ili apate kutawadha, na kuoga katika bafu ambalo mlango wake hauna komeo. Kwetu hilo si suala la starehe. Ni suala la sitara.

Ajabu ni kwamba jambo hili wazee wetu walishalitatua. Wakfu, tangu Sayyidna Umar (r.a.) alipoizuia ardhi yake ya Khaybar na kuyatoa matunda yake sadaka, msingi wake ni kubakia kwa asili ya mali. Wengi wetu huku ni Mashafii, lakini wanazuoni wa Kihanafi wameliandika waziwazi: mapato ya wakfu huanza kwa kuimarisha mali yenyewe, hata kama mtoaji hakulishurutisha hilo. Wanufaika hufuata baadaye.

Vyuo vya umma vingeweza kuazima kanuni hiyo bila kubadili dini ya mtu. Sehemu ya ada ya bweni iwekwe katika akaunti ya matengenezo pekee, isiyoguswa kwa posho wala semina, na kila msaada wa jengo uje na fungu la kulitunza. (Nasi tujitazame: mnara mpya huchangiwa kwa wiki chache, vyoo vya msikiti huohuo vikisubiri mwaka.)

Muhula ujao, mzazi unapolipa ada ya bweni, uandikie uongozi wa chuo, kwa adabu, uulize ni kiasi gani cha ada ya mwaka uliopita kilichotumika kukarabati mabweni.