Kompyuta ikikataa kuwaka: tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa

Katika kitivo chetu wanafunzi wengi hawanunui kompyuta mpya. Wananunua vipande: boksi na bodi mama kwa mtu aliyefunga ofisi yake, RAM sokoni, diski kwa rafiki, kisha wanaviunganisha nyumbani kwa bisibisi moja. Mashine ya namna hii ni ya bei nafuu, na kila kipande chake kinaweza kubadilishwa. Lakini haina dhamana ya duka lolote. Siku inapogoma, mwenye mashine ndiye fundi wa kwanza. Na kinachomtia hofu si vyuma, bali kazi iliyomo ndani: sura za TFC, rekodi za wazee, misamiati tuliyoikusanya vijijini na ambayo haipo mahali pengine popote.

Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiwasaidia wenzangu kuunganisha na kutengeneza mashine hizi. Nimeombwa nieleze hapa njia ninayoifuata. Haihitaji shahada ya uhandisi. Mwanafunzi aliyepita somo la fonolojia anayo tayari.

Badili kitu kimoja tu

Tunapotaka kujua kama sauti mbili ni fonimu tofauti, tunatafuta jozi mlinganuo finyu: *pata* na *bata*. Kila kitu kimebaki vilevile isipokuwa sauti moja. Kwa hiyo tofauti ya maana haiwezi kuwa imetoka kwingine. Kutafuta kasoro ya kompyuta ni kazi hiyohiyo. Ukibadili RAM, ukachomoa diski na ukageuza waya wa skrini kwa mara moja, kisha mashine ikawaka, hujajifunza lolote. Kesho ikizima tena utaanza upya. Badili kitu kimoja, washa, andika matokeo katika daftari, ndipo uendelee.

Kabla ya kugusa chochote, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe kwenye bodi, kisha gusa chuma cha boksi kisicho na rangi. Cheche ndogo ya mwilini ambayo wewe huisikii inaweza kuharibu RAM. Na jambo moja halina mjadala: usifungue alimantasio, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani. Ndani yake umeme wa volti 220 hugeuzwa kuwa wa takriban volti 310 na kuhifadhiwa, na unaweza kubaki humo hata baada ya kuchomoa waya. Huo unaua.

Ukimya wa aina tatu

Watu husema tu kwamba "mashine imekufa". Mimi huuliza kwanza: imekufa vipi?

Aina ya kwanza: hakuna taa, hakuna feni, hakuna chochote. Hapo fuata njia ya umeme tangu ukutani. Chomeka taa kwenye tundu lilelile. Jaribu waya mwingine. Tazama swichi iliyo nyuma ya alimantasio. Alimantasio za zamani zina pia swichi ndogo ya kuchagua 115 au 230. Kwetu lazima isimame kwenye 230. Yote yakiwa sawa, shuku kitufe cha kuwashia: rudisha umeme, chomoa kwenye bodi kijiwaya chake chenye alama PWR_SW, kisha gusanisha pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi kwa nukta moja. Mashine ikiwaka, kasoro ni kitufe tu.

Isipowaka, pima alimantasio yenyewe. Chomoa waya wa ukutani, kisha ondoa kwenye bodi vichwa vyote vya alimantasio. Kwenye kile kikubwa chenye pini 24, unganisha waya wa kijani na mmoja wa nyeusi kwa kipande cha waya, halafu rudisha umeme. Feni yake ikizunguka, angalau inaamka. Katika alimantasio mpya nyingi nyaya zote ni nyeusi. Hapo tafuta kwanza mchoro wa kichwa hicho, usikisie. Ukiwa na multimita, waya wa njano utoe volti 12, mwekundu 5, wa machungwa 3.3. Kanuni inaruhusu kupanda au kushuka asilimia 5 tu, yaani ile ya 12 ikae kati ya 11.4 na 12.6.

Aina ya pili: feni zinazunguka, lakini skrini ni nyeusi. Hii ndiyo ninayoletewa zaidi. Hakikisha waya wa skrini umechomekwa kwenye kadi ya picha, si kwenye bodi, kwa sababu prosesa nyingine hazina uwezo wa kutoa picha zenyewe. Tazama kama prosesa imepata umeme wake wa pekee, kile kichwa cha pini 4 au 8 kilicho karibu nayo. Wengi wanaounganisha mara ya kwanza hukisahau. Kisha sikiliza. Bodi yenye kipaza sauti kidogo hutoa milio inapokwama. Katika BIOS ya Award, mlio mmoja mrefu na miwili mifupi huashiria tatizo la picha. Lakini kila mtengenezaji ana msimbo wake, na mlio uleule kwa mwingine una maana nyingine. Soma kitabu cha bodi yako.

Kama bodi ni bubu, ipunguze mpaka kibaki kile isichoweza kuishi bila hicho: prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM, alimantasio, na kadi ya picha kama inahitajika. Diski na vingine vyote vitoke. Sukuma RAM mpaka isikike ikibana. Jaribu kila kipande peke yake katika tundu lilelile, kisha katika tundu jingine. Ondoa pia betri ya mviringo, CR2032 ya volti 3, kwa dakika chache waya ukiwa umechomolewa, ili mipangilio ya bodi irudi mwanzo. Mwishowe toa bodi nje ya boksi, uiweke juu ya kadibodi kavu. Ikiwaka nje na kukataa ndani, basi kuna skrubu iliyoanguka au nguzo ya chuma inayoigusa kwa chini.

Aina ya tatu: inawaka, kisha inazima. Ikizima baada ya muda mfupi, shuku joto. Prosesa nyingi hujilinda zinapokaribia nyuzi 100. Ingia kwenye BIOS, uangalie joto likipanda. Vumbi la kiangazi chetu likiziba feni, hewa haipiti. Na ile pasti iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupoozea hukauka kwa miaka. Futa ya zamani, weka mpya kiasi cha punje ya njegere. Ikizima pale tu unapoipa kazi nzito, shuku alimantasio. Ikitoa makosa yasiyofanana, leo hili kesho lile, ipime RAM kwa programu ya MemTest86. Na diski ikianza kugonga *tak, tak*, acha majaribio yote. Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa ya mwisho. Nakili kwanza yaliyo muhimu.

Mfano mmoja

Kiangazi kilichopita kundi la wanafunzi wanne hapa Lubumbashi waliniletea mashine yao. Ndani mlikuwa na saa 31 za rekodi: hadithi na mashauri ya wazee kwa Kisanga na Kibemba. Mmoja wa wazee hao alikuwa amefariki tangu arekodiwe. Nakala nyingine haikuwapo. Fundi mmoja wa mjini alikuwa amewaambia kwamba bodi mama imekufa, watafute dola 80, na siku ya kuweka kazi zao ilikuwa imebaki chini ya wiki mbili.

Kabla ya yote tulitoa diski, tukaiunganisha na kompyuta nyingine kwa adapta ya USB, tukanakili rekodi zote mahali pawili. Ilichukua saa mbili. Watu husahau hili: mashine kutowaka hakuna maana kwamba diski imeharibika. Baada ya hapo hata bodi ingekufa kweli, mzee angebaki akisema.

Kisha tukafungua daftari. Feni zilizunguka, picha hakuna. RAM ya kwanza katika tundu la pili: kimya. RAM ya pili katika tundu hilohilo: picha. RAM ya kwanza katika tundu la nne: kimya. RAM ya pili katika tundu la nne: picha. Majaribio manne yalitosha. Matundu yote mawili ni mazima, na bodi nayo ni nzima. Kilichokufa ni kipande kimoja cha RAM. Lau tungeishia kwenye jaribio la pili, tungekuwa tunakisia.

Lakini mashine ilizima tena kila tulipoipa kazi ya kugeuza faili nyingi za sauti. Multimita ikaonyesha waya wa njano ukishuka mpaka volti 11.1 wakati wa kazi hiyo, chini ya mpaka unaoruhusiwa. Tukaazima alimantasio ya mwenzetu, tusibadili kingine: kazi ileile ikaenda saa mbili bila kuzima. Kasoro zilikuwa mbili, na moja ilikuwa imejificha nyuma ya nyingine. RAM iliyotumika iligharimu dola 8, alimantasio dola 25. Bodi ile iliyotangazwa kufa inafanya kazi mpaka leo.

La kufanya kabla ya siku hiyo

Umeme ukikatika, zima swichi ya nyuma ya kompyuta, na ukirudi subiri dakika chache kabla ya kuwasha, kwa maana mara nyingi hurudi kwa kishindo. Weka kirekebisha volti ukiweza. Safisha vumbi mwanzo na mwisho wa kiangazi. Andika siku ya kila kipande ulichonunua na ulichobadili.

Na rekodi za watu, ziweke mahali pawili, moja nje ya nyumba unamolala. RAM, bodi na alimantasio utazipata sokoni kesho. Sauti ya mtu aliyeondoka haiuzwi popote.